Kijana wa mizani hana kosa

Pale ninapopandia daladala asubuhi na kushukia jioni kuna kijana mwenye mizani. Ni ile ya kioo, ya bafuni, kona moja imepasuka ikazibwa kwa selotepu, na mbele yake ameegemeza kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: PIMA UZITO 200. Mwaka jana nilipoanza kupunguza mwili niligeuka mteja wake wa kila jioni. Namkabidhi mkoba, navua viatu, napanda, nashusha pumzi kana kwamba pumzi nayo ina kilo.

Wiki ya kwanza nilishuka kutoka 84 hadi 81. Nilimpa kijana sarafu ya mia tano nikamwambia chenji abaki nayo. Nilimpigia simu wifi yangu Tanga hata nyumbani sijafika. Wiki ya pili ikaondoka kilo moja. Wiki ya tatu mshale ukagoma. Wiki ya nne, Jumatatu, baada ya harusi ya jirani, kijana aliinama, akasoma, akasema kwa upole kama mtu anayeleta taarifa ya msiba: "Dada, themanini na moja na nusu."

"Mizani yako mbovu."

"Mkipanda wote mnasema hivyo, dada. Mkishuka sijamsikia hata mmoja."

Kesho yake nikashindia chai ya rangi isiyo na sukari. Keshokutwa nikashindia maji ya ndimu. Siku ya tatu usiku nilikula wali wa nazi na maharage, sahani mbili, nimesimama jikoni taa imezimwa, nikijiambia kwamba mimi ndivyo nilivyoumbwa na mambo ya kupungua niwaachie wenyewe.

Leo namwombea radhi yule kijana hapa hadharani. Mizani yake ilisoma sawa. Tatizo ni kwamba ilikuwa inapima vitu vingi kwa mpigo, na mimi nilikuwa nausoma usomaji wake kama wa mafuta peke yake. Ndani ya siku moja uzito wa mtu mwenye afya unaweza kupanda na kushuka kilo moja hadi mbili, na karibu yote hayo ni maji, chakula kilichomo tumboni na chumvi. Maji hayo hutudanganya mara mbili. Wiki ya kwanza yanatusifia kwa kazi ambayo hatujaifanya. Wiki ya nne yanatusingizia uvivu wakati kazi tunaifanya. Na kuna watu wanaoendesha maisha yao kwa ule uongo wa kwanza.

Tuzichukue zile kilo tatu zangu. Sehemu ya wanga tunaokula, uwe wa ugali, wali, chapati au muhogo, huwekwa akiba kwenye misuli na ini, na akiba hiyo inaitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama nusu kilo tu, lakini haikai kavu: kila gramu moja hukaa na gramu kama tatu za maji. Ni kama dengu ulizoloweka usiku; asubuhi sufuria imejaa, na dengu ni zile zile. Ukikata ugali ghafla, mwili unaila ile akiba, na maji yaliyofungamana nayo yanakosa pa kukaa. Ndiyo maana siku za mwanzo za dayati karibu yoyote unakwenda chooni kama mjamzito.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori kama 7,700. Kilo tatu ni 23,100. Gawa kwa siku saba, unapata 3,300 kila siku. Mwanamke kama mimi, anayeshinda amekaa nyuma ya meza ya ofisi, hutumia kama 2,000 kwa siku nzima. Ningeziba mdomo kwa plasta wiki yote, kilo mbili za mafuta zisingetimia, seuze tatu.

Kwa hiyo anayekuahidi kilo tano kwa siku saba anakuuzia maji yako mwenyewe. Nasema hivi nikiwa nami nimeuziwa. Nilinunua chai ya kupunguza tumbo, 35,000 kwa dozi ya mwezi, kifuko kimoja kila usiku. Nilipokuja kusoma maandishi madogo nyuma ya boksi nikakuta jani lile lile ambalo bibi yangu alikuwa akitunywesha tukifunga choo: sanamaki. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko kalori zake nyingi zilishachukuliwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Tumbo linanywea kweli, sketi inafunga kweli, na ukinywa maji ya kutosha siku mbili unarudi ulipokuwa.

Mkanda wa jasho ni ndugu wa chai hiyo, na koti la nailoni la kukimbilia juani ni binamu yake. Mabondia wetu wanaijua biashara hii kuliko sisi. Wanakamua jasho wapite kwenye mizani ya kabla ya pambano, wakishapita wanakunywa yote kuyarudisha. Bondia hajidanganyi kwamba amekonda. Anajua amekopa, na usiku ule ule analipa.

Kinachonitisha ni dawa za kukojoza. Furosemaidi na wenzake ni dawa za watu wenye ugonjwa wa moyo, figo au presha, zinazotolewa kwa kipimo na daktari anayejua anafanya nini. Siku hizi nasikia watu wanapeana majina yake saluni, eti meza viwili kabla ya sendofu, gauni litakaa. Dawa hiyo ikitoa maji hutoa na potasiamu, na potasiamu ndiyo inayosaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Mwaka 1992 mtunisha misuli mzaliwa wa Algeria, Mohammed Benaziza, alifariki Uholanzi saa chache baada ya kushuka jukwaani, na kifo chake kilihusishwa na dawa hizo na kukaushwa maji mwilini. Alikuwa na misuli ambayo sisi tunaiona kwenye mabango tu. Mafuta alishayamaliza, alikuwa anafukuza maji ya mwisho.

Sasa ule uongo wa pili, ambao naona unawarudisha watu wengi zaidi kwenye chipsi.

Mama yangu mdogo alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Nilipomlalamikia kuhusu wiki yangu ya nne hakuniambia lolote la dayati. Aliniambia kuhusu watoto wa utapiamlo wa kwashiorkor, wale wanaovimba. Mtoto anakuja mashavu yamejaa, miguu imejaa, na bibi yake anabisha kwamba mtoto mnene hawezi kuwa na njaa. Mama mdogo anaweka kidole gumba juu ya unyayo wa mtoto, anabonyeza, anahesabu polepole, anatoa. Shimo linabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Chini ya maji yale, nyama imekwisha. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitarajia: mtoto huyo akianza kupona, uzito hushuka kwanza, kwa sababu maji yanatoka kabla nyama haijajengeka. Kulikuwa na kina mama waliotaka kubeba watoto wao warudi nyumbani, maana mizani ilisema hospitali inawakondesha.

Sijifananishi na watoto hao. Mimi nilikuwa na njaa ya kujitakia na friji imejaa. Ila lile la mizani kushuka mtu anapopona lilinikaa kichwani, na nilipoanza kusoma nikakutana na jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, la mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 wa kiume waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri walijitolea kukaa na njaa chini ya mtafiti Ancel Keys, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu walioachwa na njaa ya vita. Kwa wiki 24 walikula kalori kama 1,600 kwa siku na kutembea kama kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na huku wakikonda hivyo, vifundo vya miguu na nyuso vilivimba maji. Mafuta na misuli vilipungua, maji yakabaki, wengine yakawazidi. Yaani kadiri ulivyojitesa ndivyo mizani ilivyozidi kukuficha ulichopoteza.

Mambo yangu yalikuwa madogo kuliko hayo, lakini nilipoyakusanya yalitosha kabisa kuficha mwezi mzima wa kazi. Wiki ile ya nne nilikuwa nimeanza kuruka kamba, na mapaja yalikuwa yakiuma hata kukaa kwenye kiti ni shughuli. Misuli iliyochokozwa upya huvimba kidogo na kushika maji inapojikarabati. Siku zangu za mwezi zilikuwa zinakaribia, na hapo wengi wetu hujaa maji hata tukila majani matupu. Nilikuwa napata usingizi wa saa tano tu kwa usiku. Na kulikuwa na ile harusi.

Harusi nitaieleza, maana nilikuwa naapa kwamba sikula. Nilikula pilau kidogo. Lakini nilikula na achari ya ndimu, kachumbari iliyokolea chumvi, kipande cha ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, alichonionjesha shangazi wa bibi harusi, na supu ya asubuhi yake iliyopikwa kwa vile vidonge vya kukoleza mchuzi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, hapo ikihesabiwa chumvi yote, ya kwenye sufuria, ya mkate na ya achari. Mimi nadhani nilikimaliza kijiko changu kabla MC hajakaribisha wazazi. Jumapili usiku pete ya ndoa haikutoka. Nilihangaika na sabuni kwenye sinki mpaka kidole kikawa chekundu. Jumatano ikateleza yenyewe nikiosha vyombo. Hakuna mafuta yanayokuja Jumapili yakaondoka Jumatano. Tangu hapo pete ndiyo ninayoiuliza kwanza, kijana baadaye.

Watu wa pwani tunalijua jambo hili hata kama hatulitaji. Wapo wanaojisifia kilo mbili walizoacha Ramadhani, na Idd pili kilo hizo zimeshagonga hodi.

Rafiki yangu mmoja hupinga ninaposema haya. Anasema waache watu wafurahie zile kilo tatu za mwanzo, zinatia moyo. Mimi naziona kama mkopo wa kausha damu: raha unaipata Jumatatu, mkusanyaji anakuja wiki ya nne, na anakuja na riba ya kukata tamaa. Heri mtu aambiwe siku ya kwanza kwamba nusu kilo ya mafuta kwa wiki ni kazi ya maana, na kwamba kuna wiki ataifanya kazi hiyo yote na mizani isitoe hata shukrani.

Maji ya kunywa sikuyapunguza, na kwa joto la Dar sioni mwenye akili timamu akijaribu. Nilipunguza achari na vidonge vya mchuzi, nikaongeza mchicha na ndizi, nikarudisha ugali wa ngumi moja mchana, nikalala. Na nilibadilisha saa ya kupima. Kijana huwa ameshatandika boksi lake saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Napita pale sijanywa chai, nimeshatoka chooni, nimevaa kile kile kigauni cha kitenge, naandika namba kwenye simu. Jumapili najumlisha namba saba, nagawa kwa saba, nalinganisha na za wiki iliyopita. Namba ya siku moja siitolei machozi wala soda. Gharama ya kupima kwa wiki ni 1,400, na kwa mwezi mzima haifiki hata robo ya bei ya ile chai.

Kuvimba ambako kidole kinaacha shimo, au kwa mguu mmoja, au kunakokuja na kukosa pumzi, au ukiwa mjamzito, hakuhusiani na makala hii. Hapo funga simu uende hospitali.

Baada ya wiki tatu za namba zilizosimama kama foleni ya Ubungo, kuna usiku niliamka mara tatu kwenda chooni. Asubuhi nikapita kwa kijana kama kawaida. Akainama, akasoma, akafuta kioo kwa kiganja, akasoma tena.

"Dada, sabini na nane. Juzi si ulikuwa themanini? Umefanya nini?"

"Nimekojoa," nikamwambia, nikachukua mkoba wangu.