Mipaka ya brashi katika kuhariri picha: kosa ni la programu au la mwanga?

Miongoni mwa wapiga picha wa sherehe mjini Kampala, kuanzia studio ndogo za Wandegeya hadi kwa wale wanaopeleka albamu zao kuchapishwa Nasser Road, kuna hukumu moja inayotolewa kwa wepesi: kwamba brashi na maski zilizomo katika programu za kusafisha faili ghafi (raw, yaani data ya kamera kabla haijageuzwa kuwa picha ya kawaida), kama Lightroom, Capture One na darktable, ni za kazi nyepesi tu, na kwamba mhariri wa kweli humalizia Photoshop, juu ya matabaka (layers), yaani picha zinazopangwa moja juu ya nyingine. Maski hapa ni eneo la picha lililotengwa ili marekebisho yasivuke kwenda kwingine, na brashi ni njia ya kulichora eneo hilo kwa mkono. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, na nitaufikia. Lakini jinsi inavyotumiwa huficha swali lililo zito zaidi, nalo ni mipaka ipi imewekwa na programu, na ipi ilikwisha kuwekwa siku ya sherehe, kabla kompyuta haijawashwa.

Msomaji anayeifanya kazi hii anaijua tofauti ya msingi, kwa hiyo nitaigusa tu. Brashi ya programu za faili ghafi haipaki kitu juu ya picha. Inaandika maagizo: katika njia hii uliyopitisha mkono, ongeza mwangaza kiasi hiki, punguza rangi kiasi hiki. Maagizo hayo husomwa upya kila picha inapofunguliwa, na faili iliyotoka katika kamera hubaki ilivyo. Matabaka ya Photoshop, yaliyoanza na toleo la 3.0 mwaka 1994, hubeba pikseli zenyewe. Picha ya megapikseli 24 ikifunguliwa kwa biti 16 kwa kila rangi huchukua takribani megabaiti 144 kwa tabaka moja lililojaa, kabla ya kubanwa. Ongeza juu yake tabaka la ngozi, la nguo na la mandhari, na tayari umepita nusu gigabaiti kwa picha moja ya bibi harusi. Maagizo ya brashi ni mepesi mno ukiyalinganisha na uzito huo. Kwa studio inayohifadhi sherehe za mwaka mzima katika diski mbili za nje, na ambayo umeme hukatika katikati ya kazi, hilo si jambo dogo.

Aidha, mipaka ya programu hizi imekuwa ikisogea. Lightroom ilipotoka mwaka 2007 haikuwa na brashi kabisa. Ilikuja na toleo la pili, mwaka 2008. Uwezo wa kubadili joto la rangi na kupunguza chembechembe (noise, yaani vidoa vya uchafu vinavyojitokeza penye mwanga hafifu) katika sehemu moja tu ya picha ulifika na toleo la nne, mwaka 2012. Mwaka 2021 zikaja maski zinazomtambua mtu au anga zenyewe, mwaka 2023 mkunjo wa toni (tone curve) ukaruhusiwa ndani ya maski, na mwaka huohuo ikawezekana humo humo kuchagua rangi moja mahususi na kuirekebisha peke yake. RawTherapee, ambayo ni ya bure, ilipata marekebisho ya sehemu katika toleo la 5.9 mwaka 2022. Anayesema brashi haiwezi hili wala lile mara nyingi anaikumbuka programu aliyojifunzia, na hakurudi kuitazama tena.

Upo, hata hivyo, mpaka mmoja ambao hakuna toleo lililousogeza. Kihisi cha kamera huhesabu mwanga kwa mstari ulionyooka. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwangaza, na nusu nzima ya ngazi hizo, yaani 8,192, humezwa na stopu moja tu (stopu ni hatua ya mwanga kuongezeka maradufu au kupungua kwa nusu), ile angavu kuliko zote. Stopu inayofuata, ambayo ina nusu ya mwanga wa ile ya kwanza, hupata ngazi 4,096, kisha 2,048, kisha 1,024, kisha 512, na ya sita hupata 256. Sasa mchukue bwana harusi katika kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha kwa familia ya bibi harusi. Kanzu yake nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia, na ngozi nyeusi hurudisha sehemu ndogo, kiasi kwamba tofauti ya stopu tatu kati ya kanzu na uso ni ya kawaida hata vikiwa katika mwanga uleule. Msimamishe bwana huyo ukingoni mwa hema, kanzu ikipigwa na jua la saa nane na uso ukiwa kivulini, na tofauti hufika stopu tano bila shida. Mpiga picha aliyeilinda kanzu isiungue, yaani isigeuke weupe mtupu, kama alivyofundishwa, ameuacha uso katika stopu ya sita. Ngazi 256 kati ya zaidi ya elfu kumi na sita ndizo zilizobaki kwa sehemu ya picha ambayo familia nzima itaitazama kwanza, na pale chini ya kidevu na kandokando ya pua ni 128, au 64.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba hesabu ya ngazi si kiini cha tatizo, kwa kuwa chembechembe huiharibu picha kabla ngazi hazijaisha. Tukubali, na hali huwa mbaya zaidi. Mwanga huja kwa chembe zinazohesabika, na uhakika wa kipimo hufuata kipeuo cha pili cha idadi ya chembe hizo. Uso uliopata mwanga mara 32 pungufu kuliko kanzu una ishara iliyo dhaifu, ukiilinganisha na chembechembe zake, karibu mara sita. Brashi inapouongezea uso huo stopu tatu, huzidisha kwa nane kila kilichomo, ngozi na uchafu pamoja. Ni sawa na kupandisha sauti ya redio inayokamata stesheni ya mbali: mtangazaji husikika zaidi, na mkoromo nao. Na tabaka la Photoshop? Nalo huzidisha kwa nane, katika faili ileile, na chembechembe ni zilezile. Hapa ndipo lawama dhidi ya brashi naziona kuwa zimekosea mlango, kwa sababu mhariri aliyehama programu amehamisha tatizo pamoja na mizigo yake.

Kinachowapotosha wengi ni sura ya matokeo. Uso ulioinuliwa kwa kitelezi cha mwangaza peke yake hugeuka wa kijivujivu, kama uliopakwa majivu, kwa kuwa vivuli vinavyoupa uso umbo vimepandishwa sawa na paji la uso, na rangi ya ngozi haikupandishwa kwa uwiano. Anayeona majivu hayo husema brashi imeshindwa. Mara nyingi kilichohitajika ni maski mbili, moja ya uso mzima kwa kiasi kidogo, na nyingine inayoshika toni za kati tu, pamoja na joto kidogo la rangi na kivuli cha shingo kuachwa kilivyo. Hiyo ni kazi ya dakika tatu ambayo brashi inaiweza kabisa, mradi ngazi zipo. (Kuhusu wanaoitumia brashi hiyohiyo kumfanya bibi harusi awe mweupe kuliko mama yake mzazi, tatizo halimo katika kompyuta.)

Inafaa pia kukumbuka kwa nini wapiga picha wetu waliikumbatia brashi kwa moyo wote. Kwa miongo kadhaa Kodak ilisambaza katika maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1990. Google ilipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 bado iliona haja ya kutangaza, kama jambo jipya, kwamba kamera yake imefundishwa kuonyesha vizuri ngozi za watu wa rangi zote. Kati ya nyakati hizo mbili, kipimo cha mwanga cha kamera kiliendelea kutafuta kijivu cha wastani popote kilipoelekezwa, na kundi la watu weusi mbele ya hema jeupe halikuwa na wastani huo. Brashi ilikuwa chombo cha kuurudishia uso haki yake, picha moja baada ya nyingine. Kuiita chombo cha kazi nyepesi ni kutoitazama kazi yenyewe.

Mpaka wa pili ni wa rangi. Hema la kitambaa chekundu au cha bluu humwaga rangi yake juu ya kila aliyeketi chini yake, huku nyasi za nje zikirudisha kijani upande wa pili wa shavu. Brashi yenye joto la rangi hulitatua hilo kwa kiasi cha kuridhisha, hasa ukingo wake ukiwa laini na mtiririko wake ukiwa mdogo, ukapita mara kadhaa badala ya mara moja. Katika ukumbi wa jioni wenye taa za LED za bluu, mambo hubadilika. Taa ya bluu tupu haina mwanga mwekundu wa kurudishwa na ngozi. Katika faili, mkondo wa bluu umejaa hadi kukatika na ule mwekundu una chembechembe tupu. Hakuna kitelezi kitakachoigundua rangi ya shavu ambayo haikuwahi kufika kwenye lenzi, na anayeipaka upya juu ya tabaka anaibuni. Flashi ndogo iliyoelekezwa kwenye dari nyeupe ingemaliza shauri hilo wakati wa kupiga.

Sasa upande wa pili, ambao una hoja zake. Brashi ya faili ghafi haihamishi pikseli kwa namna ya kutegemewa: waya wa umeme unaopita nyuma ya kichwa, mkono wa mgeni uliojitokeza, mtoto aliyefumba macho katika picha ya ukoo, hizo ni kazi za matabaka, na hakuna ubishi. Mpiga picha aliyeweka kamera juu ya tripodi na kupiga mara mbili, moja kwa ajili ya kanzu na nyingine kwa ajili ya uso, anaweza kuziunganisha kwa matabaka na kupata ngazi halisi zaidi, jambo ambalo brashi juu ya faili moja hailiwezi. Nywele za asili mbele ya anga angavu ni mtihani mwingine. Kila pikseli ya ukingoni ni mchanganyiko wa nywele na anga, na brashi inayojaribu kufuata kingo yenyewe huacha utepe mweupe au ukingo wa vipande-vipande, hasa penye chembechembe nyingi. Katika Photoshop unaweza kuupaka utepe huo rangi ya nywele. Katika Lightroom utahangaika.

Lalamiko ninalolikubali kuliko yote, ingawa silisikii likitolewa mara nyingi, linahusu wingi. Ukichora maski kwa mkono juu ya uso katika picha moja, kisha ukayanakili marekebisho kwenye picha 40 zinazofuata, maski hubaki mahali pake na watu wamekwisha kusogea, ukapata mabega yanayong'aa na nyuso zilizobaki gizani. Maski zinazojitambulia mtu zilipunguza adha hiyo, kwa kuwa hukokotolewa upya kwa kila picha. Lakini katika hema lenye giza na watu waliosongamana huchanganya mashemeji na viti, na ni lazima kila moja ikaguliwe. Hapo muda ulioahidiwa kuokolewa hupotea.

Kwa picha za habari mizani huelemea upande wa brashi waziwazi. Kanuni za shirika la habari la Associated Press huruhusu kung'arisha na kufifisha sehemu za picha kwa kiasi kinachohitajika ili ionekane kwa usahihi, na hukataza kuongeza au kuondoa kitu. Chombo kisichoweza kuhamisha pikseli kinaikaribia sana kanuni hiyo kwa umbile lake. Hakiilindi kikamilifu: mwaka 2015 shindano la World Press Photo liliziondoa asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho, na miongoni mwa makosa ilikuwa ni kuzidisha weusi hadi vitu vilivyokuwa ndani ya picha vikapotea. Kufifisha kunaweza kufuta. Lakini mhariri wa gazeti aliye na faili ghafi na maagizo ya brashi kando yake anaweza kuyazima maagizo moja baada ya jingine na kuona kilichofanyika, na hawezi kufanya hivyo kwa JPEG iliyotoka katika matabaka yaliyokwisha kuunganishwa.

Tofauti hiyo sasa inaanza kufifia kutoka upande usiotarajiwa. Tangu Mei 2024 Lightroom ina kifaa cha kufuta kinachojaza pengo kwa pikseli zilizobuniwa na akili mnemba, nacho hupakwa kwa mkono, kwa duara lilelile la brashi, katika dirisha lilelile la kazi. Kwa albamu ya kwanjula sioni ubaya wake. Mteja aliyeudhiwa na waya nyuma ya kichwa cha mama mkwe atafurahi na atalipa. Kwa gazeti, picha hiyo imetoka nje ya kanuni mara tu kifaa hicho kilipoguswa, hata kama aliyekigusa alidhani angali anang'arisha uso.