Shida si ugumu wa ardhi

Kuna mwandishi wa makala anadai raga ya tepe haifai shule za msingi za Dodoma, eti ardhi yetu ngumu na watoto wataumizana. Nadhani kachanganya na raga ya wakubwa. Kwenye tepe hakuna kukamatana wala kuangushana: mtoto ana tepe mbili kiunoni, akichomolewa moja anatoa mpira kwa mwenzake, basi. Nafundisha michezo shule moja wilaya ya Chamwino, na tepe zenyewe tumekata kanga kuukuu tukazichomeka kwenye bukta. Ardhi kweli kiangazi inakuwa kama saruji, ila kinachotutesa ni mbigili, maana wengi wanacheza peku, na hilo mwandishi hakuligusa kabisa. Shida kubwa zaidi ni pasi. Katika raga mpira unarushwa pembeni au nyuma, kamwe si mbele. Wasichana wangu wa netiboli wanadaka kuliko wavulana wote, lakini macho yao yanamtafuta aliye karibu na goli, wanamrushia, filimbi inalia. Wavulana wa soka wao wanataka kupiga teke tu! Na uzuri wa raga ya tepe, wasichana na wavulana wanacheza timu moja, jambo ambalo kwenye soka na netiboli za UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, hatulioni. Walimu wa Kongwa na Bahi mliojaribu, nyie mnawazoeshaje watoto wa netiboli kurusha nyuma bila kuwaharibia mchezo wao wa kwanza?