Anayeumia naye ana cha kutoa

Ukiuliza kikundi cha kusaidiana kinamfaa nini mtu mwenye majonzi, wengi watakujibu kwamba anapata watu wa kumsikiliza. Sawa, lakini kusikilizwa hata rafiki mmoja mwenye subira anaweza kukupa, na mshauri nasaha ndiyo kazi yake. Mimi naona kikundi kina jambo ambalo hao wawili hawana: kinakuwezesha kumfaa mwenzako wakati wewe mwenyewe bado hujapona.

Mtu akifiwa, akiachwa au akizama kwenye sonona, wote wanaomzunguka wanageuka watoaji, yeye anabaki kupokea tu. Leo pole, kesho ushauri, keshokutwa "jikaze, yataisha". Wanaosema hivyo wana nia njema kabisa. Lakini hayo yakiendelea kwa wiki kadhaa, mtu anaanza kujiona mzigo, na huruma inavyozidi ndivyo mzigo unavyoongezeka uzito.

Tazama Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kilivyoanza. Mei 1935 Bill Wilson, mtu wa mambo ya hisa kutoka New York, alikuwa Akron, Ohio, kwa biashara ambayo ilikwenda mrama. Alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe, na pale hotelini alipofikia baa ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Akashika simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Mwishowe akakutanishwa na daktari wa upasuaji aliyeitwa Bob Smith. Hakwenda kumwokoa Smith. Alikwenda kujiokoa mwenyewe, kwa sababu alishagundua kwamba kila alipoongea na mlevi mwingine, hamu yake ya kunywa ilitulia. Smith naye aliacha pombe Juni mwaka huohuo, na kuanzia hapo ndipo chama hicho kinahesabu kuzaliwa kwake. Hapo nani mgonjwa, nani mganga?

Katika kikundi kimoja cha wafiwa nilichowahi kukaa nacho kulikuwa na baba ambaye kila tukikutana alikaa karibu na mlango, akataja jina lake, basi. Siku moja akaja mama mgeni aliyefiwa na mumewe. Zamu yake ilipofika hakuelezea ugonjwa wala mazishi. Aliuliza tu, "Namba yake bado iko kwenye simu yangu. Jamani, nyie wenzangu huwa mnafuta?"

Tukanyamaza. Yule baba wa mlangoni akasema, "Usifute, mama. Mimi ya mke wangu ninayo mpaka leo. Kuna usiku niliipiga, akapokea kijana, kumbe kampuni imeshampa mtu mwingine. Nikamwomba radhi, nikakata."

Alicheka mwenyewe kwanza, ndipo na sisi tukacheka, yule mama akicheka huku anapangusa machozi. Wiki iliyofuata baba alifika kabla ya wote, tukamkuta anapanga viti. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi pale maiti walikuwa wanajuliana hali.

Wapo wanaokipa kikundi sifa kupita kiasi. Mwaka 1989 daktari wa magonjwa ya akili David Spiegel na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani: wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliokutana kila wiki waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao ambao hawakuwa na kikundi. Watu wakashangilia. Utafiti mkubwa zaidi wa Kanada uliotoka 2001 haukuona nyongeza hiyo ya maisha. Ulichoona ni kwamba maumivu na dhiki ya moyo vilipungua, hasa kwa waliokuwa na hali mbaya zaidi mwanzoni. Kwangu hilo linatosha sana, sihitaji kuambiwa kwamba kikundi kinatibu saratani.

Wala si lazima kiongozwe na daktari. Matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini kusini mwa Uganda, yaliyochapishwa 2003, yalionyesha sonona imepungua sana kwa watu waliokutana kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi.

Ila kikundi kinaharibika upesi. Kinachokiharibu zaidi, kuliko hata umbea, ni mtu mwenye dawa ya kila kitu, ambaye hujamaliza sentensi ameshakwambia ufanye nini. Ndiyo maana vikundi vizuri vina sheria kali: sema yako, usitoe ushauri usioombwa, yanayosemwa hapa yabaki hapa. Siri ikitoka mara moja tu, watu watarudi kuongea habari za hali ya hewa. Na mwenye mawazo ya kujiua asisubiri siku ya kikao. Huyo anahitaji mtaalamu leo hii, kikundi kitamngoja.

Kama ningekuwa natafuta kikundi sasa, ningechunguza kitu kimoja kabla sijaamua kubaki. Mwezeshaji akinyamaza, je, watu wanaendelea kuulizana na kujibizana wao kwa wao? Kama kila neno linapitia kwake, na wengine wanangoja kuitwa majina kama wanafunzi, ningeaga kwa adabu nikatafute kwingine.