Anayeanza kuwinda nguruwe mwitu asidanganywe na "piga upendavyo"

Karibu kila aliyenielekeza kuwinda nguruwe mwitu California alianza na maneno yaleyale: nguruwe hana msimu wala idadi, piga upendavyo. Na ni kweli. Zamani kila nguruwe alihitaji tagi yake, yaani lebo ya kibali inayonunuliwa kwa mnyama mmoja mmoja, lakini tangu tarehe 1 Julai 2024 leseni ya uwindaji na kibali kimoja cha nguruwe vinakutosha mwaka mzima, hata ukiua ishirini. Mwanzoni niliona hiyo ni neema kwa mwanafunzi. Sasa, baada ya misimu kadhaa ya kutembea katika ardhi za umma, naona ndiyo maneno yanayomharibu.

Kwanza tuelewane ni mnyama gani. Si ngiri, wala si nguruwe pori wa misitu ya Afrika. Huyu ni uzao wa nguruwe wa kufugwa waliotoroka, wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya. Mvumbuzi wa Kihispania Hernando de Soto alishuka Florida mwaka 1539 na nguruwe wa kulisha msafara wake. California walifika na walowezi wa Kihispania, kisha miaka ya 1920 wale wa mwitu wakaletwa Monterey kwa ajili ya kuwindwa. Leo wamo katika kaunti 56 kati ya 58 za jimbo hilo. Jike hushika mimba kabla hajatimiza mwaka, huibeba siku 115 hivi, na huzaa wanne hadi sita kwa mkupuo. Huchimbua mashamba, huchafua chemchemi, hula mayai ya ndege wanaotaga chini. Anayewaita waharibifu sina ubishi naye.

Ubishi wangu ni juu ya kile ambacho neno hilo humfanyia mwindaji mgeni. Mnyama akishaitwa mharibifu, hata risasi ya ovyo huonekana halali. Nilikuwa kilimani na mwenzangu mmoja, kundi likakurupuka bondeni, umbali wa zaidi ya mita mia mbili. Akapiga mara nne katikati ya kundi lililokuwa mbioni, akisema mmoja lazima aanguke. Tulikuta damu kwenye majani, tukaifuata mpaka giza likatuzuia. Asubuhi tulirudi, hatukupata kitu. Mwenzangu huyo hangethubutu kumfanyia kulungu hivyo, na aliponiuliza kwa nini nimenyamaza safari nzima ya kurudi, nilimwambia.

Wengi hujitetea kwamba wanaisaidia nchi. Jimbo la Tennessee walilijaribu wazo hilo. Mwaka 1999 walifungua uwindaji wa nguruwe jimbo zima, bila kikomo, wakitumaini bunduki zitawapunguza. Nguruwe wakaenea zaidi kuliko wakati wowote, kwa sababu walionogewa na mchezo walianza kuwapakia kwenye magari na kuwaachia katika misitu mipya. Mwaka 2011 jimbo likageuza sera. Missouri nao wamepiga marufuku kuwawinda nguruwe katika hifadhi za jimbo, maana mtego mkubwa hunasa kundi zima kwa usiku mmoja, ilhali bunduki huua mmoja au wawili na waliobaki hutawanyika, wakawa wajanja na kuanza kutembea usiku tu. Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza, liondoe kichwani hilo la kuokoa mazingira. Unakwenda kutafuta nyama. Nguruwe mmoja, apigwe vizuri, abebwe wote, aliwe.

Ukilikubali hilo, namna ya kuanza inabadilika. Sehemu kubwa ya nguruwe wa California huishi kwenye mashamba ya watu binafsi. Katika misitu ya taifa na ardhi za Bureau of Land Management, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi za umma, hupita tu, wakifuata maji, chakula na utulivu. Ndiyo maana nashauri safari mbili tatu za kwanza bunduki ibaki nyumbani. Nenda na darubini, maji na daftari. Tafuta udongo uliochimbuliwa: ukiwa bado na unyevu na mizizi iliyokatika ni myeupe, walikuwa hapo usiku huo, ukiwa umekauka na majani yameangukia juu, umechelewa kwa siku nyingi. Tafuta dimbwi wanalogaagaa, kisha uangalie miti ya jirani, kwa kuwa wakitoka matopeni hujisugua, na urefu wa tope kwenye gome utakuonyesha kimo cha mwenyewe. Unyayo wao ni mpana na wa mviringo, wa kulungu umechongoka mbele. Kiangazi shikamana na maji. Mialoni ikianza kuangusha mbegu, hamia chini ya mialoni.

Halafu upepo. Hapa ndipo ningependa mtu akae muda mrefu zaidi, kuliko hata kwenye uchaguzi wa bunduki, ambao wageni huupa miezi mizima. Macho ya nguruwe ni dhaifu; ukisimama tuli mbele yake anaweza kukupita. Pua yake haikusamehi. Beba kichupa cha unga laini, upulize kidogo kila baada ya hatua kadhaa uone unakwenda wapi. Alfajiri hewa ya baridi huteremka korongoni kama maji, kwa hiyo anayepanda kutoka chini yuko salama. Jua likishapasha mteremko, hewa hugeuka na kupanda, na harufu yako inapanda nayo. Nimepoteza makundi yangu mazuri zaidi katika nusu saa hiyo ya mgeuko. Siku hizi jua likigusa miamba, nakaa chini na kungoja hewa iamue.

Mipaka nayo. Weka ramani ya simu inayoonyesha ardhi ya nani iko wapi na uipakue kabla hujaondoka, maana mtandao huko hakuna. Nguruwe uliyemjeruhi akivuka uzio na kuingia kwenye shamba la mtu, huwezi kumfuata bila ruhusa ya mwenye shamba. Kwa hiyo aliye karibu na uzio mwache.

Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko wa kulungu, kati ya miguu ya mbele, na dume mzee ana ngao nene na ngumu mabegani. Mngoje asimame ubavu, lenga theluthi ya chini ya mwili, usawa wa mguu wa mbele, usiwe mbali zaidi ya mita mia, na uhakikishe nyuma yake hakuna mwingine ambaye risasi itamfikia ikipenya. Jike mwenye vitoto vyenye milia mimi humwacha. Najua wenye mashamba watanikasirikia kwa hilo, na hoja zao ni nzito, lakini sijaweza kufanya vingine.

Kiswahili chetu kinaita madini fulani mazito (lead kwa Kiingereza) na kinachotoka mtutuni kwa jina lilelile, risasi. California, tangu tarehe 1 Julai 2019, anayewinda kwa bunduki haruhusiwi kutumia risasi ya madini hayo. Wengi tunatumia ya shaba. Sababu kubwa ni kondori wa California, ndege mkubwa mla mizoga, anayekula matumbo tunayoyaacha porini na kufa kwa sumu ya vipande vyake. Mwaka 1982 walibaki 22 duniani. Huwa nawakumbuka ninapolalamikia bei ya sanduku la shaba.

Vaa glavu unapochuna, kwa sababu nguruwe hawa hubeba bruselosisi, ugonjwa wa bakteria unaompata binadamu pia, nao huingia kupitia mchubuko mdogo tu wa kidole. Nyama ipikwe mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Joto likiwa kali, mtoe matumbo mara moja na uitundike nyama kivulini. Kabla ya yote hayo, ukiwa bado unamtazama kwenye darubini, jiulize utampandishaje kutoka humo korongoni. Mimi hubeba kwa safari mbili au tatu, na korongo lolote nisiloweza kulipanda na mzigo mara tatu, silengi ndani yake. Na kwa wasomaji ambao nyama hii kwao ni haramu: kama huna wa kumpa, sioni kwa nini umpige.

Vuli hii namchukua mpwa wangu. Ameshamaliza kozi ya usalama na leseni anayo, na kila wiki ananiuliza tutapiga wangapi. Jumamosi ya kwanza tutakwenda na kichupa cha unga.