Kibao cha chungwa ni cha wanakijiji

Nyuma ya kila tenka linalopita Uyole, Mbeya, kuna kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu ya nyingine. Mimi ni mhandisi, na kazi yangu ni kusimamia usafirishaji salama wa mizigo hatarishi: kukagua matangi, kusoma nyaraka, kusaini au kukataa kusaini. Maoni yangu ni haya, na najua baadhi ya wenzangu hawatayapenda. Kile kibao tumekigeuza mali yetu sisi wenye vitambulisho shingoni, wakati kilibuniwa kwa ajili ya mtu atakayefika kwanza lori likianguka. Na kwenye barabara yetu, kuanzia mlima Kitonga hadi Tunduma mpakani mwa Zambia, atakayefika kwanza si mimi wala zimamoto. Ni kijana wa bodaboda, ni mama anayeuza viazi kando ya lami, ni wanafunzi wanaorudi nyumbani.

Kukisoma si kazi ngumu. Namba ya chini, yenye tarakimu nne, inataja mzigo wenyewe kwa mpangilio wa Umoja wa Mataifa, ambao mapendekezo yake yalichapishwa mara ya kwanza mwaka 1956: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa, 1075 gesi ya kupikia, 1830 asidi ya salfuriki, 1689 sianidi ya sodiamu. Namba ya juu inaeleza tabia ya mzigo. 2 ni gesi, 3 ni kimiminika kinachowaka, 6 ni sumu, 8 ni kitu kinachobabua. Tarakimu ikirudiwa, ujue hatari imezidi. Kwa hiyo petroli ni 33 na dizeli ni 30 tu. Ukiona X mbele, usimwagie maji. Mtu aliyefaulu darasa la nne anaelewa hayo kwa nusu saa, na bado hatujawahi kuona haja ya kumpa hiyo nusu saa.

Badala yake tunamwachia lawama. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, tenka lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka. Waliokufa walipita 100. Miaka kumi kabla ya hapo yalitokea Sachangwan nchini Kenya, nako zaidi ya 100. Julai 2010 ikawa zamu ya Sange, mashariki mwa Kongo, zaidi ya 200. Juni 2017 ikawa Pakistani, karibu na Ahmedpur Sharqia, zaidi ya 200 tena. Kila baada ya msiba husemwa yale yale: tamaa, umaskini, ukaidi. Umaskini siukatai, dumu la petroli ni hela ya siku kadhaa kwa kibarua wa shamba. Lakini hoja ya tamaa inatufaa mno sisi wasimamizi, maana ikishakubalika hakuna anayetuuliza tulimfundisha nini huyo marehemu.

Anayechota petroli hajaamua kufa. Anajua vizuri kwamba petroli inawaka, ila haoni moto karibu, basi anahesabu kuwa yuko salama. Asichokijua ni kwamba kinachowaka si ile petroli anayoiona ikitiririka, ni mvuke wake, nao hauonekani. Hewa ikiwa na asilimia 1.4 tu ya mvuke huo tayari inaweza kushika moto. Lita moja ikigeuka mvuke yote inatosha kuifanya hewa ya zaidi ya mita za ujazo 10 iwe ya kulipuka, yaani chumba kidogo cha kupanga kuanzia sakafuni hadi darini. Sasa piga hesabu ya tangi zima.

Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai. Unatambaa chini, unafuata mtaro, unateremka bondeni. Nchi ikiwa tambarare unatapakaa na kupungua makali. Kwetu barabara imekatwa ubavuni mwa mlima na nyumba ziko chini yake, kwa hiyo unaweza kuteremka hadi kwenye jiko la mtu ambaye hata hajasikia kwamba kuna lori limeanguka huko juu.

Halafu kuna hili la baridi. Nimewasikia watu wazima, wengine madereva wa tenka kabisa, wakisema baridi ya Mbeya inasaidia, kwamba mwezi wa Juni petroli haishiki moto ovyo. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi ya Makambako, pamoja na sifa zake zote, haifiki huko. Kinachobadilika alfajiri ya Juni ni kwamba upepo hakuna, kwa hiyo mvuke unakaa pale pale ukimsubiri mtu wa kiberiti.

Dizeli ni habari nyingine. Hiyo inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo itoe mvuke wa kutosha kuwaka. Nalitaja hili kwa sababu ya bomba la TAZAMA. Bomba hilo lilijengwa mwaka 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, na kwa miongo mingi lilikuwa likipitisha mafuta ghafi. Tangu 2023 linapitisha dizeli. Ni jambo jema, dizeli inayopita chini ya ardhi haipinduki Kitonga. Lakini petroli ya Zambia inaendelea kupita barabarani, na malori ya Kongo yapo vilevile. Kwa mkazi wa Inyala, kutofautisha 1202 na 1203 si elimu ya mapambo.

Mwaka jana nilikuwa Tunduma, foleni ya malori imerudi nyuma kuelekea Mpemba kama kawaida yake. Mama mmoja anayepikia madereva alikuwa ameweka jiko la mkaa katikati ya matela mawili, ugali unasongwa, maharage yanachemka. Nikamsalimu, nikamwuliza kama anajua zile namba nyuma ya tenka ni za nini.

"Si namba za kampuni hizo, baba?"

Nikamweleza. Akanyanyua macho kwenye kibao kilichokuwa kulia kwake, hatua chache tu: 33, chini yake 1203. Sikumaliza maelezo. Alikwisha kubeba jiko na sufuria juu yake, akavuka upande wa pili, akarudi kumfokea utingo mmoja aliyekuwa anavuta sigara akiwa ameegemea tairi la tenka hilohilo. Utingo akazima. Mimi nikimwambia mtu azime sigara, huanza kwanza kuniuliza natoka ofisi gani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema wananchi hawafundishiki. Tatizo ni kwamba tunawaambia "msisogee, ni hatari", maneno ambayo wameyasoma kwenye nguzo za umeme na kwenye mageti ya kila yadi mpaka yamekosa makali. Mtu akijua hatari yenyewe ni ipi na inapitia wapi, anahama na sufuria yake.

Watu hao wana taarifa ambazo sisi hatuna. Chukua lori la tani 50 linaloshuka mlima wenye kimo cha mita 300. Nishati inayopaswa kumezwa na breki, kama dereva hatumii gia nzito wala breki ya injini, ni joto la kuchemsha karibu lita 400 za maji kutoka ubaridi. Joto hilo lote linaingia kwenye vyuma vichache magurudumuni. Breki za upepo zikipata moto kiasi hicho huacha kushika, hata kama asubuhi zilikuwa nzima kabisa kwenye ukaguzi. Kwa hiyo cheti nilichosaini mimi hakimwambii mtu lori litakuwaje likifika chini ya Mlima Mbalizi. Anayejua ni kijana aliyekaa kijiweni katikati ya mteremko. Anasikia harufu, anaona moshi kwenye magurudumu, anajua kabisa kwamba huyu anashuka na fri, gia ameitoa, ili abane mafuta. Anajua mapema kuliko mkaguzi yeyote, na hana wa kumwambia. Akipiga simu ataulizwa lori la nani, namba gani, limebeba nini. Angejua kusoma kibao, angekuwa na jibu la swali la muhimu kuliko yote.

Petroli angalau inajitangaza kwa harufu. Ninaloliogopa zaidi ni lile linalokata kona Mbeya mjini na kupanda Kawetele kwenda Chunya: sianidi ya kuchenjulia dhahabu. Wachimbaji wakubwa huisafirisha kwa utaratibu mkali, msafara, gari la kusindikiza, masanduku yaliyofungwa barabara. Kwa wadogo hali inatofautiana. Ni vidonge vyeupe, vinayeyuka kwenye maji haraka, na vikikutana na asidi, au hata maji yasiyo na chokaa ya kutosha, hutoa gesi inayoua. Watu wakiona kitu cheupe kimemwagika barabarani, la kwanza wanalofikiria ni kukisukumia mtaroni kwa maji. Mtaro unaingia mtoni.

Mfano upo. Mei 1998 huko Kirigizi, Asia ya Kati, lori lililokuwa likipandisha sianidi kwenye mgodi wa dhahabu wa Kumtor, barabara ya milimani kama zetu, lilitumbukia mto Barskaun na kumwaga karibu tani 1.7. Wanavijiji wa chini walichelewa kuambiwa kwa saa kadhaa, huku maji wakiyatumia. Sasa tazama ramani yetu. Barabara kuu inavuka mto Mbarali pale Igawa, inavuka mto Chimala, na maji hayo ndiyo yanayoingia kwenye majaruba ya mpunga ya Usangu kabla hayajafika mto Ruaha Mkuu na mabwawa ya Mtera na Kidatu. Mkulima wa Ubaruku hana habari na mpango wa dharura uliofungwa kwenye jalada ofisini kwangu. Yeye anafungua maji shambani.

Wasafirishaji wana pingamizi moja ambalo silidharau. Wanasema kibao kinamwita mwizi. Ukiandika 1203 mgongoni umewatangazia wanyonyaji mafuta kuwa njooni. Wengine huachia turubai lining'inie juu ya kibao, wengine huacha matope yafanye kazi hiyo. Lakini mwizi wa mafuta huwa ameshajua lori limebeba nini tangu linapopakia, na hategemei namba yangu. Ukificha kibao unakuwa umemficha jirani tu. Na kuna uzembe mwingine unaonikera kuliko wizi: kibao kilichopigwa ribiti kikakaa hapo milele, tangi libebe lolote. Kwenye mizani lori lililozidisha kilo hushikwa, na ni sawa, lami ni ghali. Lililobeba namba ya uongo linapita.

Upo na upotoshaji wa upande wa pili, kukitoa kibao kwa kuwa "tangi tupu". Tangi lililoshushwa petroli halijawa tupu hadi lisafishwe, na kanuni inataka kibao kibaki mpaka hapo. Lililojaa lina mvuke mwingi kupita kiasi cha kuwaka; lililobaki na matone ndilo lenye mchanganyiko kamili. Mafundi wa kuchomelea wa Mbalizi na Soweto, hapa nasema na ninyi: msipokee tangi kwa neno la dereva.

Nikiri kwamba kibao hakitibu kila kitu. Salfa, kwa mfano. Mmeiona ikipita kwa wingi, njano chini ya turubai, inakwenda kutengenezewa asidi kwenye migodi ya shaba ya Zambia na Kongo. Namba yake ni 1350, lakini kanuni za kimataifa zinaiachia salfa iliyofinyangwa kuwa punje au chembe: hiyo haihesabiwi kuwa mzigo hatarishi, haihitaji alama. Ni sawa ikitoka bandarini. Ikishatikiswa kilomita mia nane, punje zimesagana, chini kuna vumbi, na vumbi la salfa linawaka kwa mwali wa buluu ambao mchana ni vigumu kuuona, likitoa gesi inayokaba koo. Dereva asiyebandika kitu hajavunja sheria, na mimi sina cha kumwandikia. Hili nalipigania mahali pengine, kwa lugha nyingine ya vikao.

Sheria ya kemikali tunayo tangu 2003, Mkemia Mkuu ana watu wake, EWURA ya nishati na maji ina wake, LATRA ya usafiri wa ardhini ina wake, polisi wapo. Siombi chombo kipya. Naomba ukuta mmoja wa ofisi ya kijiji: Mahenge chini ya Kitonga, Ilula juu yake, Igawa, Chimala, Inyala, Mbalizi, Mpemba. Zichorwe namba sita nilizotaja hapo juu na maana zake. Iandikwe kwamba ukiona 33 panda upande wa juu wa mteremko, usiwashe kitu, na kama tangi linawaka kaa mita 800 mbali. Iandikwe kwamba ukiona 66, kama ya sianidi, usiguse, usimwagie maji, waambie wa chini wasichote mtoni. Iandikwe 114 ya zimamoto na 112 ya polisi. Kijiji cha kwanza kitakachokubali, rangi nanunua mimi.