Pombe kali ya ndizi za kihamba: biashara ndiyo, dawa ya gongo hapana

Mtu akikamatwa na gongo, shitaka analosomewa mahakamani ni la kukutwa na pombe ya moshi, chini ya sheria ya mwaka 1966 inayobeba neno hilohilo. Haina uhusiano na mji wetu wa Moshi, ingawa watani zetu Wapare hawatakubali. Naikumbuka kila ninaposikia watu wakiwaza kiwanda kidogo cha pombe kali ya ndizi huku kwetu Kilimanjaro, Marangu, Mwika au Kibosho, kwa sababu hawakosi kusema: tukikeneka, yaani tukichemsha pombe na kukusanya mvuke wake, kihalali na kwa usafi, gongo litakufa lenyewe. Hilo siliamini. Na bado nataka kiwanda kijengwe.

Kwanza ndizi za kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani. Msimu ukichanganya, mkungu wa ndizi ng'ombe au kisukari unauzwa bei ya kumtia mtu uchungu, na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haiokoi kila kitu. Mbege nzuri ina siku mbili tatu tu. Ikizidi hapo inakuwa siki, na mama aliyepika pipa anakula hasara. Pombe iliyokenekwa haina haraka hiyo. Chupa ikifungwa vizuri, inamsubiri mteja hata miaka. Kwa mkulima ambaye mali yake yote huiva wiki moja, hiyo si faida ndogo.

Hesabu yake lakini inataka mtu mvumilivu. Lita 100 za ndizi iliyochachuka, tuseme yenye kilevi asilimia 6, zina lita 6 za kilevi chenyewe. Ukiikeneka, kisha ukaishusha kwa maji iwe asilimia 40, ni lita 15, yaani chupa 20 za mililita 750. Hapo hujamwaga matone ya kwanza yenye harufu kali, wala hujaacha yale ya mwisho yaliyopoa nguvu. Ukibaki na chupa 14, shukuru. Nazo bado hazijalipia kuni, chupa na lebo, viwango vya TBS (Shirika la Viwango), ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa lita, na stempu ya kielektroniki ya TRA (Mamlaka ya Mapato).

Sasa ichukue chupa hiyo uiweke kilabuni kando ya gongo lisilolipa hata senti ya kodi. Nani atainunua? Zamani ungeifungasha kwenye kiroba cha bei ya chini, lakini viroba vya plastiki vilipigwa marufuku Machi 2017, kwa sababu nzuri, maana vilikuwa vinaingia mpaka kwenye mikoba ya wanafunzi. Mnywaji wa gongo anatafuta kilevi kingi kwa hela kidogo, na kiwanda halali hakiwezi kumshinda kwa bei.

Majirani wameshajaribu. Uganda iliweka sheria mwaka 1965 iliyotaka wapikaji wa vijijini wawe na leseni na mali yao iende kiwandani kukenekwa upya. Uganda Waragi, pombe kali ya kiwanda hicho, ikapata jina, na waragi ya vichochoroni ikaendelea. Kenya iliihalalisha chang'aa, gongo la huko, mwaka 2010 kwa masharti ya viwango na chupa za kioo. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa huko kwa pombe yenye methanoli.

Kuhusu methanoli, pande zote mbili hutia chumvi. Ndizi ina pektini, kwa hiyo methanoli kidogo hutokea yenyewe wakati wa kuchachuka. Inachemka kwenye nyuzi 64.7 na kilevi cha kunywa kwenye 78.4, na wengi hudhani basi ukimwaga matone ya kwanza umemaliza kazi. Hapana: hupungua tu, haiishi, ndiyo maana kipimo cha maabara hakina mbadala. Lakini vifo vya halaiki kwa kawaida huletwa na tamaa, mtu anapochanganya spiriti ya viwandani ili pombe iwe nyingi na kali. Mpikaji mwenye jina kwenye lebo ana cha kupoteza akifanya hivyo; wa porini anahama bonde. Kwa hili tu, ningesaini kibali.

Mteja basi ni nani? Ni mgeni anayeshuka mlimani kupitia lango la Marangu, hoteli za Moshi na Arusha, na Mchaga wa Dar anayerudi Desemba akitaka zawadi yenye harufu ya nyumbani. Soko hilo ni jembamba, ila linalipa. Na bidhaa ya ndizi inaweza kutoka hapa ikakua: Banana Investments ya Arusha imefika mbali kwa kinywaji cha ndizi, ingawa chenyewe hakikenekwi.

Wanaopinga kwa ajili ya ulevi nawasikiliza kwa heshima, maana Rombo na kwingineko tumewaona vijana waliomalizika wakiwa na miaka 30. Lakini chupa ya bei ya mgeni haitawafikia hao. Ninachohofia zaidi ni maji ya kupoozea mtambo yakivutwa kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili, wakati wa kiangazi, na kuni, kwa mlima ambao tayari umepungua miti. Machicha hayanisumbui, nguruwe watayamaliza.

Na wapo akina mama wa mbege. Wao hulipwa taslimu, siku hiyohiyo, kwa kila kata ya kunywea, na ndiyo ada ya shule inavyopatikana. Kiwanda kitanunua ndizi kwa mkopo, kilipe chupa zikiuzwa. Kwenye kahawa tumeuona mtindo huo tangu KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, ianze mwaka 1933: malipo ya kwanza, kisha kungoja ya pili. Nilimweleza shangazi yangu sokoni Mwika habari hizi zote za mtambo, soko na viwango. Akasikiliza huku akipanga mikungu yake, kisha akauliza, "Na hela mnatoa siku gani?"