Mlonge wa majani na hesabu ya nitrojeni

Mlonge umejengewa sifa ya mti usiodai kitu. Huota kwenye mchanga na kokoto, huvumilia ukame, ukikatwa huchipua. Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba kuuwekea mbolea ya viwandani ni kuutia sumu. Mti dawa, watu husema, ulishwe mboji tu. Wanaotumia urea hutazamwa kama wachakachuaji. Nadhani wameonewa.

Anayepanda mlonge kwa ajili ya majani hubananisha miche, na kila baada ya siku 35 hadi 45 hivi huufyeka. Majani hayo yakishakauka, takribani robo ya uzito wake ni protini, na protini haijengeki bila nitrojeni. Piga hesabu: tani moja ya majani makavu imeondoka shambani na kilo 40 za nitrojeni, kiasi kilichomo kwenye kilo 87 za urea. Tani moja tu! Tena mlonge, pamoja na maganda yake yanayowadanganya wengi, si jamii ya kunde. Hauna vile vinundu vya mizizini vinavyonasa nitrojeni ya hewani. Kilichotoka, mkulima ndiye wa kukirudisha.

Je, mboji peke yake inatosha? Mboji kavu kwa kawaida ina nitrojeni asilimia 1 hadi 2. Tukishika 1.5, kurudisha kilo 40 kunadai zaidi ya tani mbili na nusu za mboji kavu, na ile unayoizoa kwenye lundo imebeba maji, hivyo uzito wa kusomba unaweza kufika maradufu. Kisha sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo imefungwa kwenye mabaki yanayooza polepole; msimu wa kwanza hufunguka kidogo tu. Anayevuna kila mwezi na nusu atangoja mpaka lini? Baada ya mikato kadhaa machipukizi huwa membamba, majani ya chini hupauka na kugeuka njano, naye hulaumu mbegu.

Kuhusu sumu, nitrojeni ya mboji nayo hugeuzwa na bakteria kuwa amoniamu na nitreti ndipo mizizi iifyonze. Mzizi haubagui. Ubaya uko kwenye kipimo: urea ikizidi, nitreti hulimbikizana majanini. Ila mboji nayo ina hatari isiyotajwa sana. Unga wa mlonge mara nyingi hunyunyiziwa kwenye chakula bila kupikwa, na lundo la samadi ambalo halikushika joto la nyuzi 55 kwa siku kadhaa huweza kubakiza vimelea, ambavyo mvua huvirusha pamoja na udongo hadi kwenye majani ya chini.

Wanaotetea mboji wana hoja nzito hata hivyo. Urea haina potasiamu, kalsiamu wala salfa, na yote hayo huondoka na majani. Ikizoeleka huongeza tindikali ya udongo. Ikiachwa juu ya ardhi hupotea kama gesi. Kwenye mchanga mtupu mvua kubwa huizamisha chini kusikofikiwa na mizizi. Mboji ndiyo inayoshika maji na virutubisho. Kwa hiyo ningeweka mboji iliyoiva wakati wa kupanda na kila kabla ya mvua, kisha baada ya kila mkato urea kiasi kidogo, kwenye udongo wenye unyevu, mbali kidogo na shina, na kuifukia.

Mwenye miti miwili mitatu ya mboga hana haja ya haya. Anayetaka mbegu naye aende taratibu, maana nitrojeni nyingi huleta majani na kupunguza maua. Na anayeuza kwa cheti cha kilimo hai urea hairuhusiwi kwake kabisa. Huyo apande kunde kati ya mistari, aongeze mboji, na akubali kukata mara chache zaidi.